Viti Arobaini na Kimoja vya Behewa la Tatu

Saa kumi na mbili na dakika thelathini na tano asubuhi. Ukungu wa Julai umeikalia Embakasi na taa za kituo zimebaki manjano hafifu tu. Treni ya kwenda mjini Nairobi imesimama ikinguruma. Lorraine Amondi, mkaguzi wa tiketi, anapanda behewa la tatu, anafunga kifungo cha juu cha koti lake la kazi, na kabla hajamsalimu mtu yeyote anavitazama viti.

Viti ni sitini na vinne. Ishirini na vitatu vina watu. Arobaini na kimoja vina vitambaa.

Ni vitambaa vya mkononi vya kawaida, vile vya kupangusia jasho: cha buluu, cha mistari, cha maua, kingine kimekatwa kutoka kwa pazia kuukuu. Kila kimoja kimefuliwa, kimekunjwa mara nne na kulazwa katikati ya kiti kitupu. Mlangoni wamesimama watu wanane, wameshika vyuma vya juu, mifuko ya kazi imewalemea mabegani. Viti viko hapo mbele yao, vitupu, na hakuna hata mmoja anayethubutu kukaa.

Ajabu gani hii? Mgeni akiingia humu atadhani ameingia matangani. Watu wananong'ona. Dirisha moja la upande wa kushoto halifungi sawasawa, na upepo ukipenya, pembe za vitambaa zinainuka kidogo, zinatulia, kisha zinainuka tena.

"Usiwaogope," Lorraine anamwambia mgeni wake, mwandishi wa habari aliyefuatana naye leo, akicheka chinichini. "Hata mimi wiki za kwanza nilipita humu mbiombio. Sasa nimewazoea. Wamekuwa watu wangu."

Akisema hivyo ananyoosha kalamu kwenye viti vitupu.

Kisha anaanza kazi. Anakagua tiketi ya huyu, anakagua ya yule, na akifika kwenye kiti chenye kitambaa anasimama vilevile, kwa muda uleule, anaweka alama kwenye fomu na kusonga mbele. Mwishoni anajumlisha. Watu thelathini na mmoja, vitambaa arobaini na kimoja. Kwenye mstari wa idadi ya abiria anaandika sabini na mbili.

Fomu hiyo ndiyo imemtia matatani. Kesho, Ijumaa, saa nne asubuhi, mama huyu wa miaka arobaini na mitatu atasimama mbele ya kamati ya nidhamu ya kampuni iliyomwajiri, ajibu shtaka la kuandika abiria ambao hawapo. Akipatikana na kosa, mkataba wake hautaongezwa, na miaka kumi na mitatu ya kazi itaishia mlangoni mwa ofisi hiyo.

"Waseme wanavyotaka," anasema. "Mimi sijaandika uongo."

Ili mtu amwelewe, lazima kwanza aielewe desturi ya vitambaa, nayo haijaandikwa popote. Treni ya asubuhi ilikuwa ikijaa hadi mlangoni. Aliyepanda Embakasi, kituo cha mwanzo, alipata kiti. Aliyengoja Pipeline au Donholm alipata kusimama na kukanyagwa vidole. Miaka mingi iliyopita, na hakuna anayekumbuka nani alianza, wakazi wa mitaa hii wakapata dawa. Jioni mkirudi, unamwachia kitambaa chako mwenzako anayeshuka mwisho. Asubuhi yeye ndiye wa kwanza kupanda, anakilaza kwenye kiti, nawe ukifika unakuta nafasi yako inakungoja. Unakaa, unatia kitambaa mfukoni, unamkatia mwenzako nusu ya andazi. Jioni unampa tena.

Sheria yake ni moja tu: kiti chenye kitambaa kina mtu. Hata mtu huyo awe amechelewa, kina mtu. Mama mjamzito akiingia, atapishwa na aliyekaa kwa mwili wake, kitambaa hakiondolewi. Lorraine, aliyelelewa Makongeni na baba aliyekuwa fundi wa mabehewa, aliijua sheria hiyo kabla hajajua kusoma.

"Ukikalia kitambaa cha mtu hupigwi," anaeleza. "Lakini behewa zima litakukodolea macho hadi mjini. Afadhali upigwe."

Mambo yalianza kuharibika Machi, wafanyakazi wa treni walipodai nyongeza ya mshahara. Lorraine hupata shilingi elfu kumi na tisa na mia nne kwa mwezi, na mshahara huo haujasogea kwa miaka minne. Kodi ya chumba chake Embakasi inameza elfu saba, karo ya bintiye Adhiambo inameza nyingine, na kinachobaki, kwa maneno yake, kinanusa jikoni na kupita.

Redio zikawaka moto. Kila asubuhi wasikilizaji walipiga simu. Mmoja alisema wafanyakazi wa treni nao wana matumbo. Mwingine alisema ni tamaa tu. Wa tatu akauliza kwani wao huisukuma hiyo treni kwa mikono. Mwisho wa Mei likabandikwa tangazo vituoni: nauli itapanda kutoka shilingi hamsini hadi themanini kwa sababu ya gharama za uendeshaji, ikiwemo mishahara ya wafanyakazi.

Na nyongeza yenyewe? Lorraine anacheka hadi anashika mbavu.

"Nyongeza gani! Hata senti ya kununulia kiberiti hatujaiona. Lakini watu walisoma lile tangazo, wakaligeuzia macho koti langu. Bosi hapandi treni. Wanayemwona ni mimi. Kijana mmoja akaniambia, 'Madhe, manga polepole usikwamwe,' yaani nakula pesa zao."

Kisha anaifikia asubuhi ile, na kicheko kinakatika.

Ilikuwa Jumatatu ya kwanza ya Juni, siku ya kwanza ya nauli mpya. Pipeline alipanda Waringa, mama wa miaka hamsini na mmoja anayeshona na kuuza nguo za watoto soko la Gikomba. Behewani alijulikana kama Mama Kate. Kwa miaka tisa yeye na Lorraine walikuwa chanda na pete. Kiti chake kilikuwa cha dirishani, kwenye dirisha lile lisilofunga, alilopenda kwa sababu ya hewa. Kitambaa chake ni cheupe chenye uzi wa kijani pembezoni, alioushona kwa mkono wake. Lorraine akipita, Mama Kate alimmegea kiazi kitamu kilichotoka kikapuni kikiwa bado na moto, naye Lorraine akamsimulia ya Adhiambo. Adhiambo alipoingia kidato cha kwanza, sare yake ilishonwa na Mama Kate, bure.

Siku hiyo Mama Kate alimpa Lorraine noti ya hamsini.

"Hiyo thelathini nitakuletea jioni, Mama Adhiambo," alisema. "Jumatatu unaijua mwenyewe."

Siku nyingine yoyote jambo hilo lingeishia hapo. Lakini nyuma ya Lorraine alisimama Gitonga, msimamizi wake, aliyetumwa kuhakikisha kila mtu analipa nauli mpya. Lorraine alisikia pumzi zake shingoni. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwisho wa Julai. Na mdomo, anasema, ukafunguka bila kumwomba ruhusa.

"Abiria, tafadhali shuka kituo kinachofuata."

Mama Kate hakubishana. Alichukua hamsini yake, akainua kikapu. Treni iliposimama Donholm alitoa kitambaa mfukoni, akakikunja mara nne, akakilaza katikati ya kiti, akashuka.

"Alinipita hapa karibu hivi, asinitazame," Lorraine anasema, na machozi yanamlengalenga. "Abiria! Mtu aliyemvisha mtoto wangu! Na thelathini ilikuwa humu mfukoni mwangu, niliisikia ikilia nilipokuwa natembea. Hadi leo najiuliza, siku ile nilikosa mkono?"

Jioni hiyo kitambaa kiliokotwa na Jackton, fundi wa viatu aliyekuwa akipanda Embakasi na kumwekea Mama Kate kiti. Kesho yake alikilaza kama kawaida. Pipeline milango ikafunguka, watu wakapanda, Mama Kate hakupanda. Jumatano vilevile.

Halafu wengine wakaanza kupotea. Themanini kwenda na themanini kurudi ni mia moja na sitini, kwa mtu anayepata mia nne akibahatika. Mmoja mmoja wakaacha treni, wakawa wanatembea kando ya reli hadi mjini. Ila vitambaa vyao vilikuwa vimebaki mikononi mwa wenzao, na kitambaa cha mwenzako hukitupi.

"Akirudi nitamwambia nini?" anauliza Wangeci, karani katika ofisi ya wakili karibu na mahakama za Makadara, ambaye bado anamudu nauli kwa kuacha chakula cha mchana. Yeye sasa hubeba vitambaa kumi na vinane katika mfuko wa karatasi, maana kila mwenzake aliyeacha treni alimkabidhi chake pamoja na alivyokuwa ameachiwa. Asubuhi anavilaza kimoja kimoja. Jioni anaviokota. Jumapili, akitoka kanisani, anavifua.

Ndivyo behewa la tatu lilivyojaa watu wasioonekana. Salamu zilikwisha. Zile nyimbo za asubuhi za akina mama wa mlango wa nyuma zilikwisha. Aliyepanda Makadara na kukuta viti vyote vimewekewa alisimama kimya, macho chini, na hata watoto wa shule walijifunza kutokimbia humo ndani.

Wiki ya tatu Jackton naye akaacha. Siku yake ya mwisho Lorraine alimwona akishuka na kitambaa cheupe mkononi.

"Nikamwuliza Wangeci, hicho cha Mama Kate umeachiwa wewe? Akasema la. Nikajua basi, kimekwisha safari. Na nitasema ukweli, nilipumua. Kilikuwa kinanitazama."

Kesho yake aliwahi kituoni. Mzee Nahashon, mwenye funguo, alifungua mabehewa mbele ya macho yake. Lorraine akaingia wa kwanza. Ndani kulikuwa na baridi na harufu ya chuma, bila mtu, bila kitu chochote juu ya viti.

Isipokuwa kimoja. Kwenye kiti cha dirishani kililala kitambaa cheupe, uzi wa kijani pembezoni, kimekunjwa mara nne.

"Nywele zilinisimama," anasema. "Nikamwita mzee. Akaja, akakitazama, akarudi nyuma hatua mbili. Akaniambia, 'Jana nimefunga mwenyewe saa mbili, leo nimefungua nawe ukiona. Hicho usiniulize mimi, mama. Nilikuwa nikidhani ni wewe.'"

Siku iliyofuata kilikuwepo. Na iliyofuata. Wakati mwingine kilikuwa na unyevu wa umande. Lorraine hakuthubutu kukigusa. Alikikagua kwa macho, akasonga mbele, na mgongo ukawa unamwasha hadi mjini.

Kana kwamba hayo hayatoshi, kukazuka ya dirishani. Kati ya Donholm na Mutindwa, treni huwapita wale wanaotembea. Wanakwenda kwa msafara mrefu, mmoja nyuma ya mwingine, vichwa chini, hawaongei, na treni ikinguruma kando yao hawageuki. Mbele kabisa, peke yake, alikuwa mwanamke mwenye kikapu mgongoni. Kila asubuhi pale pale. Lorraine aligonga kioo. Aliita hadi abiria wakamshangaa. Mwanamke hakugeuza hata shingo.

"Siku moja nikamwuliza dereva, umemwona yule mama wa mbele mwenye kikapu? Akaniambia, 'Dada, mimi naona ukungu tu.' Simu ya Mama Kate ilikuwa imezimwa tangu siku ile. Behewani watu walianza kunong'ona kwamba kuna mtu aligongwa karibu na Mutindwa. Wengine wakasema aliyeshushwa kwa nguvu huacha kivuli chake kitini. Mimi ni Mkristo, siamini mambo hayo. Lakini ndiye niliyemshusha, na usingizi ulinihama."

Jumamosi moja akapiga moyo konde, akaenda Pipeline. Mama Kate hukaa ghorofa ya tano. Kufuli lilikuwa mlangoni. Aliyemjibu ni jirani, Fadumo, mwenye kiduka cha sukari na majani ya chai pale ngazini.

"Mama Kate? Mwezi mzima sijauona uso wake, wallahi," Fadumo alisema. "Nikifungua duka ametoka, nikifunga hajarudi. Namsikia tu. Saa kumi na nusu alfajiri mlango unalia, hatua zinashuka ngazi. Ila kuna jambo moja silielewi, dada. Wenzake wote wakifika chini wanaenda kulia, upande wa mjini. Hatua zake yeye zinaenda kushoto."

"Kushoto kuna nini?"

"Kushoto si Embakasi? Sasa mtu wa Gikomba anatafuta nini Embakasi saa hiyo?"

Lorraine alishuka ngazi mbili mbili.

Jumatatu saa kumi na moja na dakika kumi alikuwa kituoni, amejibanza nyuma ya nguzo, koti amelivuta hadi masikioni. Mabehewa yalikuwa yamefungwa, yamelala gizani. Ukungu ulikuwa mzito, mtu haoni nguzo ya pili. Kwanza alisikia kokoto za reli zikilia. Hatua za mtu mmoja, taratibu. Zikasimama. Halafu mkono ukatokea ukunguni, ukapanda ubavuni mwa behewa la tatu, ukapenya kwenye dirisha lisilofunga, ukazama ndani hadi kwapani.

"Nilitaka kupiga mayowe," anasema. "Kisha nikaona sweta. Sweta ile ya kahawia naijua."

"Mama Kate!"

Mkono ukatulia. Haukutoka mara moja. Ulimaliza kwanza kazi yake mle ndani, polepole, ukikitandaza kitambaa katikati ya kiti. Ndipo ukatoka.

Alikuwa yeye, mzima, amesimama juu ya debe la rangi lililopinduliwa. Amekonda. Soli za viatu vyake zimefungwa kwa kamba.

"Umekuja kunishusha tena, Mama Adhiambo?"

"Nimekuja kukuomba msamaha."

Mama Kate alishuka kwenye debe, akajipangusa mikono.

"Thelathini haikuniuma," alisema. "Nani hajawahi kukosa thelathini? Uliniita abiria."

"Najua, dada yangu."

"Miaka tisa! Kiazi changu umekula, mtoto wako nimempima kiuno kwa futi yangu. Halafu mbele ya watu nikawa abiria."

"Niliogopa kibarua kuota nyasi. Nisamehe. Niliogopa tu."

Lorraine akauliza lililokuwa likimkaba: ina maana kila siku anatembea dakika arobaini kuja huku nyuma kuweka kitambaa, kisha anageuka na kutembea hadi Gikomba?

"Jackton alinirudishia, nami sikuwa na mtu mwingine wa kumpa. Usiku treni ikifungwa nakitoa kwa dirisha hilihili, alfajiri nakirudisha. Nikikosa kukiweka siku moja, kesho kiti ni cha mwingine," Mama Kate alijibu. "Nauli imenishinda, sawa. Kiti sijakiacha."

"Na mbona nikikuita dirishani hugeuki?"

"Nikigeuka nitalia. Nani atanunua nguo ya mtoto kwa mtu aliyevimba macho?"

Lorraine akatoa pesa mfukoni, safari hii hakukosa mkono. Amlipie leo, amlipie wiki nzima. Mama Kate akatikisa kichwa. Utanilipia mimi, akasema, na wale arobaini je?

"Basi niambie nifanye nini," Lorraine akalia. "Niambie tu."

"Si uliniita abiria? Basi niandike abiria."

Akainua kikapu chake, akaingia ukunguni. Kokoto zikalia, zikanyamaza.

Siku chache kabla ya hapo kulikuwa kumetoka agizo: behewa lolote litakalobeba abiria chini ya hamsini kwa mwezi mzima wa Julai litaondolewa kwenye treni, na wafanyakazi wake watakwenda nyumbani. Behewa la tatu lilikuwa na watu thelathini na mmoja. Asubuhi hiyo, bado na mchanga wa kituo viatuni, Lorraine aliandika sabini na mbili. Ameandika hivyo kila siku tangu hapo.

"Siwezi kukudanganya kwamba sikuifikiria kazi yangu," anasema. "Niliifikiria sana, nina mtoto shuleni. Lakini hata wangenihamishia behewa la kwanza lililojaa, hili lingeandikwa sabini na mbili. Kiti chenye kitambaa kina mtu. Nimezaliwa nikijua hivyo."

Wiki iliyopita Gitonga alipanda akiwa na gunia. Ofisi ilikuwa imeagiza vitambaa vyote vizolewe kama takataka. Alimkabidhi Lorraine gunia lile mbele ya watu. Lorraine akalishika, akainama juu ya kiti cha kwanza, na mkono wake ukakataa kushuka.

"Anza wewe, bosi," akamwambia. "Nionyeshe."

Gitonga akasogea hadi kwenye kiti cha dirishani. Akanyoosha mkono juu ya kitambaa cheupe. Behewa zima likamtazama. Treni iligonga reli. Mkono wake ukakaa hewani kutoka Donholm hadi Mutindwa. Kisha akaurudisha mfukoni, akasimama mlangoni hadi Makadara, akashuka. Gunia alilisahau. Lorraine anasema limemfaa sana, anahifadhia mkaa.

Alipoulizwa kuhusu kesi ya kesho, Gitonga alisema kwa simu kwamba behewa lilikuwa na watu thelathini na mmoja na hivyo ndivyo atakavyoiambia kamati. Alipoulizwa kwa nini basi hakuviokota vitambaa, jibu lilikuwa fupi.

"Mimi ni mtoto wa Jericho, vitambaa hivyo nimevikuta," akasema, na kukata simu.

Barua ya kampuni kwa Lorraine ina mistari sita. Inasema abiria ni mtu aliyelipa nauli na kupanda. Lorraine ataijibu kwa daftari la mazoezi la bintiye, ambalo halimtoki mkobani. Ndani ameandika majina arobaini na moja kwa kalamu ya buluu, kila jina na kazi yake, mtaa wake, na miaka aliyopanda treni hiyo. Alikwenda kuwatafuta mwenyewe Jumapili mbili mfululizo, mlango kwa mlango. Wangeci ameomba ruhusa kazini aende naye, na mfuko wake wa karatasi.

"Wakisema hawapo, nitawasomea mmoja mmoja, na Wangeci atavilaza mezani kwao," anasema. "Waviondoe wao kwa mikono yao kama wanaweza."

Anachotaka si kikubwa. Nauli irudi hamsini, na wafanyakazi walipwe kinachowatosha. Akisikia redio ikisema lazima moja liache lingine lipite, damu inamchemka.

"Wanatugombanisha bure. Eti mimi nikishiba abiria atembee, abiria akipanda mimi nilale njaa. Na mimi na Mama Kate tulikuwa tukigawana kiazi kimoja, na kinatosha!"

Na wakimfukuza? Anaingiza mkono mfukoni na kutoa kitambaa cha rangi ya njano, kipya, bado kina mikunjo ya dukani. Hicho atamwachia Wangeci jioni, anasema. Yeye ataungana na wenzake kando ya reli.

Treni inatoka Donholm. Ukungu haujainuka. Lorraine anaacha fomu, anakwenda kusimama kwenye dirisha lisilofunga, kando ya kitambaa cheupe, akiangalia asikiguse. Nje msafara umeanza kuonekana, vichwa chini, mmoja nyuma ya mwingine. Mbele kabisa kuna kikapu. Leo Lorraine hagongi kioo wala haiti. Anapitisha mkono wake kwenye mwanya wa dirisha, anautoa nje kwenye baridi, anauacha hapo.

Mwanamke mwenye kikapu hageuki. Lakini treni inapompita, mkono wake wa kulia unainuka juu ya kichwa, unakaa juu, na bado uko juu ukungu unapomficha.

Lorraine anajipangusa uso kwa mkono wa koti. Mutindwa anapanda bwana mmoja mgeni, amevaa suti, amebeba mfuko wa kompyuta. Anawatazama waliosimama, anaitazama safu ya viti vitupu, anashangaa. Anakifikia kiti cha dirishani na kunyoosha mkono juu ya kitambaa cheupe. Minong'ono inakatika. Nyuso zote zinamgeukia.

"Samahani," anamwuliza Lorraine, akiurudisha mkono. "Hapa kuna mtu?"

"Yuko," Lorraine anamjibu, akiweka alama kwenye fomu. "Anakuja kwa miguu."